Besi Iko Mizizini

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Shamila alikuwa akilikata neno "nakupenda" vipande kumi na sita. Mteja wake, dereva wa bodaboda wa Lisekese aitwaye Mrisho, alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akimsikilizisha kwa simu wimbo mmoja wa Dar es Salaam. Katika wimbo ule neno linaanza, linakwama, linajirudia haraka haraka kama pikipiki inayokataa kuwaka, kisha linadondokea kwenye besi. Mrisho alitaka lake lidondoke vivyo hivyo.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Shamila. Studio yake ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la vipuri hapo Masasi mjini, kuta zimebandikwa trei za mayai, maiki imevalishwa soksi. Watu walimletea wimbo wa mtu mwingine wakasema nifanyie hivi, naye akafanya: sauti ya kunyooshwa mpaka ikawa kama bati, sauti ya mtu mmoja ikageuka kwaya, besi ya kutembeza makopo ya grisi kwenye rafu za dukani. Hakuisomea kazi hiyo. Alisikiliza, akakata, akapanga, akasikiliza tena. Baba yake alikuwa akisema binti yake ni fundi wa kelele, na hakukosea sana.

"Hodi humu."

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetengeneza sauti?"

"Ndiye mimi."

"Tunataka kama ya huyu."

Mama huyo alikuwa Dorika, na "huyu" alikuwa mumewe, Zabroni, mkulima wa korosho kutoka huko juu, upande wa Newala. Alikuwa mrefu, shati limepigwa pasi, na kanisani kwao aliimba sauti ya nne, ile ya besi, kwa miaka ishirini na mbili. Shamila alimwomba aimbe kidogo. Zabroni alifungua kinywa, akakiacha wazi kwa adabu, akakifunga. Ndani hamkuwa na kitu. Mrisho alisogeza ndoo ili awapishe wakae.

Dorika akaeleza. Mwaka jana, mwezi wa tano, mwenyekiti wa chama chao cha msingi cha Tujikongoje, bwana Christopher, alimwita Zabroni ghalani pamoja na mwenzake Selestini. Ndani mlikuwa na salfa ya mikorosho iliyopitwa na wakati miaka minne, imeganda kama mawe. Waliambiwa waitwange kwa mchi, waichekeche, waichanganye na unga mwingine ambao hawakuelezwa ni wa nini, kisha waijaze katika mifuko mipya yenye tarehe mpya. Mwezi wa sita mifuko ile ikagawiwa wanachama. Zabroni alikuwa na desturi ya kuimba akiwa na mashine ya kupulizia mgongoni ili asipoteze mwendo, na mwaka ule kila mti alioupita ulibaki na kipande cha sauti yake. Alipomaliza mstari wa mwisho akazima mashine, akataka kumwagiza binti yake Rose maji, akakuta hana cha kumwagizia. Selestini alikufa mwezi wa nane. Zabroni alipelekwa hospitali ya Ndanda, daktari akammulika kooni na kuandika kwenye daftari lake: koo zima, sauti haimo.

"Na ghalani imebaki mifuko mia tisa," Dorika alisema. "Mwezi wa sita wanagawa. Tutakaopuliza ni mimi na Rose, maana kifua cha baba yake hakiwezi tena. Wilayani wametuambia tuanzie chamani. Chamani wanasema katiba inataka mlalamikaji aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Barua hawaitaki. Mimi hawanitaki. Na aliyeyaona ya ghalani, aliye hai, ni huyu peke yake."

"Kikao lini?"

"Jumamosi ya wiki ijayo."

Shamila alijaribu kwanza njia anayoijua. Dorika alikuwa na rekodi ya kwaya kwenye simu, Zabroni akiwa wa tatu kutoka kushoto. Shamila alimchomoa kutoka kwa wenzake, akaondoa kinanda, akashusha sauti chini, akamtengenezea maneno mapya kwa silabi za zamani. Kufikia adhuhuri spika ilikuwa inasema kwa sauti nene kwamba salfa ilikuwa imeoza.

Zabroni alitikisa kichwa. "Huyu anaongea kama mashine ya benki," Dorika akasema. "Mimi sijaolewa na huyu. Ya kwake iko shambani, mwanangu. Shida yetu ni kuibeba."

"Si mngesema mapema!"

"Hukuuliza."

Kesho yake Shamila alipanda basi la Newala akiwa na kinasa sauti, maiki, soksi, na karatasi ambayo Dorika alimpa ili asipotee njia. Ilikuwa stakabadhi ya chama, yenye jina la kitongoji, namba ya shamba na jina la mwanachama. Shamba lilikuwa na mikorosho sitini na minne kwa mistari minane. Wanawake waliopita na ndoo za maji walimsalimu na kumwelekeza bila kusimama. Mti wa kumi na moja, walisema, husema "ma" umande ukiwepo tu. Ule uliopinda una pumzi peke yake, asipoteze muda.

Shamila alisimama kwenye mti wa kwanza, akawasha kinasa sauti, akasoma jina kwenye stakabadhi na kuita kwa nguvu: "Mchopa!"

Shamba lote likanyamaza. Hata miti iliyokuwa ikinong'ona tangu asubuhi ilikoma, na haikusema tena siku ile. Dorika alitoka mbio kwenye kibanda, jembe mkononi.

"Nani kakutuma kuita hilo?"

"Limeandikwa."

"Mangapi yameandikwa!"

Kisha alimweleza, kwa sauti ya chini, huku akiipa miti kisogo. Lile lilikuwa jina la utotoni. Zabroni alipotoka jandoni kibanda cha jando kilichomwa moto, nguo za zamani zikachomwa, jina likaachwa humo humo kwenye majivu, na vijana wakaondoka bila kugeuka nyuma. Wasichana wakitoka unyagoni nao ni vivyo hivyo. Mtu mzima haitiki jina la utotoni hata nyumba ikiungua, na anayemwita hivyo amemtukana. Lakini shule ilimwandika kabla hajaenda jandoni. Cheti kikafuata darasa la kwanza, kitambulisho kikafuata cheti, daftari la chama likafuata kitambulisho. Siku za kupima korosho karani hulitazama, halitamki. Hugeuza daftari, akauonyesha mstari kwa kidole, Zabroni akaweka sahihi, wote wawili wakaangalia pembeni.

Shamila aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wajomba zake Wayao wana majina ya namna hiyo, naye alishachapwa kibao utotoni kwa kulitamka mojawapo. Hakuna mtu wa Masasi wala Newala asiyelijua jambo hili. Alikuwa amelisoma tu kwenye karatasi, na karatasi haina haya.

Alilala kwa akina Dorika. Alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, alirudi na kuita kwa jina lililo jina, Zabroni. Miti ikaanza kumpa. Mmoja ulikuwa na "gha", mwingine "la ni", mwingine mstari mzima wa wimbo wa Pasaka uliokatikia kwenye haleluya. Besi haikuwa juu. Ilikuwa imezama kwenye mizizi, kwa hiyo alichimba shimo, akaiweka maiki ndani ya ndoo tupu ya rangi ya sadolini, akaifukia, akasubiri kama anayechemsha maharage. Mti wa hamsini na mbili ndio uliompa kazi. Hapo mwaka jana bonge la salfa lilikuwa limekwama kwenye bomba, likapasuka, likamrudia Zabroni usoni. Mti ule ulisema "sa-sa-sa-sa" bila kukoma na bila kumaliza, na Shamila alikaa chini yake saa nzima akingoja mwisho wa neno, mpaka Rose akamletea uji na kumwambia kwamba wao walishaacha kungoja.

Silabi za Selestini hakuna aliyezikusanya. Hakukuwa na mtu wa kurudishiwa.

Shamila alitumia siku tatu mjini kupanga. Alisafisha upepo na kuku, akapanga silabi kwa kufuata mistari ya miti, akailaza besi chini ya sauti nyingine zote kama godoro. Ijumaa adhuhuri, Zabroni na Dorika wakiwa wamekaa studioni wakila mihogo, Shamila alibonyeza ili ajaribu na kusema kwenye maiki, kwa mzaha tu, "Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba, mwanangu," spika ikajibu. "Pun-pun-punguza hapo katikati. Panawasha."

Shamila akapunguza. Zabroni aliendelea kutafuna.

"Umekula?" Dorika aliiuliza spika, kama alivyomwuliza mumewe kila siku ya ndoa yao.

"Nakula hapa. Chumvi ha-ha-haijakolea."

Dorika akainuka kwenda kuomba chumvi dukani. Alichelewa kurudi, na aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la grisi, ingawa grisi haina vumbi.

Kile kigugumizi Shamila angeweza kukiondoa. Ni kazi ya dakika kumi kwa anayejua, na yeye alijua. Lakini alipopeleka mkono, spika ilisema, "Hapo paache. Hapo ndipo dawa ilipoingia." Zabroni aliitikia kwa kichwa. Basi pakaachwa.

Jumamosi Mrisho aliifunga spika nyuma ya bodaboda yake kwa mipira na kuipandisha uwanda wa juu kwa nusu ya nauli, kwa kuwa, alisema, hajawahi kubeba mtu mzima mwepesi hivyo. Ukumbi wa chama ulijaa. Mbele walikaa wajumbe wa bodi, kila mmoja na chupa yake ya maji, na katikati yao bwana Christopher na daftari.

Christopher si mgeni wa nchi ile. Alizaliwa vijumba vitatu kutoka kwa Zabroni. Walitahiriwa msimu mmoja, wakalala mkeka mmoja, wakapigwa na baridi moja. Walitoka siku moja, na moshi wa kibanda kile waliupa kisogo wakiwa wameshikana mikono. Hili liwekwe akilini, kwa sababu baadaye kuna waliomtetea kwamba ana shughuli nyingi na huenda alisahau.

Shamila aliinuka kuomba ruhusa ya spika. Alikuwa amejitayarisha kugombana.

"Hakuna taabu," Mwenyekiti akasema. "Katiba inataka kinywa. Haikusema kiwe cha nyama. Ondoeni wasiwasi, hiki ni chama cha wakulima."

Ukumbi ukacheka, watu wakamwona muungwana. Spika ikawekwa juu ya meza na kuwashwa. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Zabroni akasimama pembeni yake, mikono nyuma. Mwenyekiti alivaa miwani, akafungua daftari, na badala ya kuligeuza na kuonyesha kwa kidole, kama makarani wote wafanyavyo, akainua kichwa na kuita kwa sauti ya kufika nje:

"Mlalamikaji wa kwanza. Mchopa!"

Wazee walitazama miguu yao. Mwanamke mmoja aliziba masikio ya mjukuu wake. Spika haikusema kitu.

"Mchopa! Mara ya pili."

Zabroni aliinua mkono. Hata kuinua mkono kwa jina lile ni kujivua nguo hadharani, na aliuinua hivyo hivyo.

"Mkono nauona," Mwenyekiti akasema kwa upole. "Tatizo ni katiba."

"Anaitwa Zabroni!" Shamila alipiga kelele. "Wewe unajua anaitwa Zabroni!"

"Binti, huyo hayumo daftarini. Mchopa! Mara ya tatu."

Shamila aliruka mbele akabonyeza. Alipandisha sauti mpaka mwisho, akachomoa waya na kuuchomeka upya, akafungua laptopu palepale na kulitazama faili. Vipande vyote sitini na vinne vilikuwemo, kila kimoja mahali pake, na mstari wa sauti ulikuwa umelala bapa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ilikuwa imelelewa vizuri. Hilo ndilo lililomuuma Shamila kupita yote, kwamba walishindwa kwa sababu ya adabu, na aliyewashinda alikuwa hana.

Katibu wa chama, Stamili, akaandika: mlalamikaji aliitwa mara tatu, hakujibu, shauri limefungwa. Mwenyekiti akasoma ajenda nyingine, ya kupaka rangi ofisi, ikapita. Kikao kikafungwa kwa sala. Ukaletwa wali na nyama.

Ndipo Christopher aliposhuka kutoka mezani akiwa na sahani yake, akamshika Zabroni begani, akasema kwa furaha ambayo haikuwa ya uongo: "Zabroni, ndugu yangu! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri," spika ikasema.

Na kwa kuwa imesalimiwa kwa jina lake, ikaendelea. Ilieleza siku na saa. Ilieleza mchi ulitoka nyumba ya nani na chekecheke ya nani. Ilitaja tarehe iliyokuwa kwenye mifuko ya zamani na tarehe iliyopigwa kwenye mipya, na nani aliushika muhuri. Ilieleza jinsi Selestini alivyouliza unga ule mwingine ni wa nini, na jibu alilopewa. Ilipofika "sa-sa-sa-sa" ilikwama pale pale ilipokwama shambani, na besi ikatoka chini ya sakafu, ikapanda kwenye miguu ya viti, na vumbi likaanguka kutoka kwenye mabati hadi kwenye wali. Watu waliziba sahani kwa mikono wakaendelea kusikiliza. Mjane wa Selestini alilia. Mzee mmoja akasema "kweli kabisa" mara mbili.

Christopher alisikiliza hadi mwisho. Hakumkatiza hata mara moja.

"Umesema vizuri sana," akasema. "Umeeleweka. Bahati mbaya kikao kimeshafungwa."

Akamwongezea Zabroni kipande cha nyama kutoka sahani yake mwenyewe.

Hakuna aliyebisha. Watu mia moja na arobaini walisikia, na watu mia moja na arobaini walinawa mikono. Kesi imefungwa, walisema, na wengine walisema Mungu yupo, kama vile Mungu ndiye mjumbe wa bodi aliyekosekana. Wakati wa kutoka, Stamili alimfuata Shamila na flashi mkononi, akamwomba ile besi na kile kigugumizi, maana gari la matangazo la chama lina sauti nyembamba. Shamila alimpa tusi la Kiyao ambalo halina tafsiri nzuri. Stamili akarudisha flashi mfukoni bila kinyongo.

Lakini madoido ya sauti hayana kufuli, na Shamila alilijua hilo kuliko mtu yeyote, kwani ndilo lililomlisha. Mtu mmoja ukumbini alikuwa amerekodi kwa simu. Prodyuza wa mji mwingine aliyatengeneza upya kwa mchana mmoja. Mwezi wa sita gari la chama lilipita vijijini likisema "Sa-sa-sa-salfa! Salfa imefika!" na neno likadondokea kwenye besi mpaka vioo vikatetemeka. Watoto walilikimbilia wakicheza. Masasi nako vijana wakaanza kuitaka. Mrisho mwenyewe, aliyeibeba ile spika, alikuja kuomba "nakupenda" yake ibadilishwe ikwame kama ya Zabroni. Shamila alimtoa na ndoo yake, akaketi sakafuni, akampigia kelele ukuta wenye trei za mayai. Trei zilifanya kazi yake, dukani hawakusikia kitu.

Mkorosho usiopulizwa huliwa na ugonjwa wa ubwiri, na dawa nyingine haikuwepo. Mifuko mia tisa iligawiwa kwa siku mbili. Kwa kuwa Zabroni alihesabiwa hakujibu, alifutwa uanachama, na Rose akaandikishwa mahali pake ili shamba lisipoteze mgao.

Wiki ya pili ya mwezi wa saba, Shamila akiwa anakata neno jingine la mteja mwingine, simu iliita. Ilikuwa namba ya Dorika, lakini aliyesema alikuwa Zabroni, kwa ile spika ambayo sasa ilikaa kwenye stuli sebuleni kwao.

"Shikamoo, Baba Rose."

"Marahaba, mwanangu. Njoo na ma-ma-maiki. Na ile ndoo."

"Nani?"

"Rose. Sauti imebaki mitini kuanzia mstari wa tatu. Mama yake tumemzuia asipulize."

Shamila alizima muziki. Alimwomba mteja arudi wiki nyingine, akaanza kukunja nyaya. Alivua soksi kwenye maiki, akaiona imechakaa, akavua ya mguu wake.

"Baba Rose," akasema, "daftarini wamemwandika jina gani, hili au la kabla ya unyago?"

Simu ilikuwa hewani. Alisikia jogoo, na mtu akifagia, na mbali kidogo gari la matangazo. Spika haikujibu.

Shamila alifungua faili jipya, akaliandika Rose, akabeba ndoo akaenda stendi.